Gunia Lililotii Sheria

Miaka michache iliyopita nilikuwa nashona magunia ya viazi pale Makambako, na kwa lumbesa sikuwa na mpinzani. Lumbesa ni gunia lililojazwa mpaka likaota kilemba cha viazi juu ya mdomo wake, kikashikiliwa na kamba. Sheria inakataza. Sisi tulishona.

Asubuhi moja polisi walizuia lori nililotoka kulishonea mzigo. Walikuwa na taarifa kwamba limeficha bangi, wakaniita nifumue magunia yote mbele yao. Nilinuna. Baridi ilikuwa ya kukata masikio, na kazi yangu ya tangu alfajiri ilikuwa inarudishwa mwanzo.

Walipofunua turubai nikaliona gunia moja karibu na kichwa cha lori. Lilikuwa limejazwa kwa kipimo halali, mdomo umeshonwa bapa, halina kilemba hata kidogo, wala halikuwa la mkono wangu.

"Afande, anza na lile," nikasema.

"Kwa nini, mama?"

"Huku hakuna anayefunga viazi namna hiyo."

Wakalishusha. Viazi vilikuwa juu tu, chini zimepangwa pakiti za bangi. Dereva akakaa chini mwenyewe bila kuambiwa. Afande akacheka, akanisifia mbele ya watu, nami nikavimba kichwa. Kisha akayatazama magunia mengine, kilemba baada ya kilemba.

"Mama," akasema, "na haya kayashona nani?"

Sindano bado nilikuwa nayo mkononi.