Sukari Ikishuka

Katika miaka ile ya hamsini, pale Naipingo, sikuwa na utulivu. Nilikuwa mke kijana mwenye ugonjwa wa sukari. Kila asubuhi mama alinichemshia sindano ya kioo kwenye sufuria, nikajidunga insulini pajani, kisha nikanywa uji. Dawa tuliichukua hospitali ya misheni, tukaiweka kwenye mtungi wa maji isiharibiwe na joto. Mume wangu alikuwa amehamia kwetu, kama wanaume wengi wa Kimwera walivyofanya walipooa.

Msimu mmoja wa kuvuna ufuta, uji ulichelewa, nikaenda shambani na dawa tu mwilini. Jua lilipopanda nikaanza kutembea huku na huku. Nilifunga mganda, nikaufungua, nikautupa. Moyo ulinienda mbio, jasho la baridi likanitoka, mikono ikatetemeka. Nikamgeukia dada yangu na kumtukana kwamba ameniibia kanga, na kanga yenyewe nilikuwa nimeivaa.

Majirani walisema nimepandwa na shetani. Mmoja akataka aitwe mganga aje na ngoma. Dada yuleyule niliyemtukana akanitia kinywani kipande cha muwa, kwa kuwa tu aliona midomo yangu imekauka. Nikatafuna, nikafyonza, na baada ya muda nikajikuta nimekaa juu ya mabua, naona aibu.

Hospitalini, mtawa muuguzi alitueleza mimi na mama kwa Kiswahili chake cha polepole. Chakula hugeuka sukari ndani ya damu, alisema, lakini sukari haiingii yenyewe kwenye chembe za mwili. Kongosho hutuma mjumbe, ndiye insulini. Mjumbe huyo hubisha hodi nje ya chembe; habari zikifika ndani, milango ya sukari hufunguliwa. Kongosho langu lilikuwa limeacha kumtuma, ndiyo maana nilijidunga.

"Ukijidunga bila kula," akasema, "milango inafunguka, sukari inapungua kwenye damu, ubongo unakosa chakula. Hapo mwili unatuma wajumbe wengine waliambie ini litoe akiba yake ya sukari. Mmoja wao ndiye anayekimbiza moyo na kutetemesha mikono."

"Kwa hiyo siyo shetani, Sista?" mama akauliza.

"Siyo shetani, mama. Mwili wake unaomba msaada. Mpe kitu kitamu upesi."

Mama alilishika neno hilo kupita kiasi. Nikipandisha sauti, ananipa asali. Nikilalamika mbuzi wamekula majani ya mihogo, asali. Nikinyamaza sana, asali. Mwishowe nami nikaanza kujishuku: kila wasiwasi ulionijia nilijiuliza kama ni wangu au ni wa damu.

Ndipo siku moja, tukiwa uani, mume wangu akasema amechumbia mwanamke Ruangwa na atakwenda kuishi huko. Nikasimama. Moyo mbio, jasho, mikono inatetemeka. Mama akaja na kikombe.

"Mnaona?" mume wangu akasema. "Sukari imeshuka. Tutazungumza akitulia."

Nikainywa asali yote. Tukangoja, sisi watatu, kuku wakidonoa karibu na miguu yetu. Mikono iliacha kutetemeka, lakini hasira haikupungua hata kidogo.

"Asali nimemaliza," nikamwambia. "Bado nimekasirika. Sema."

Mama, ambaye kwa heshima ya ukwe hakuwahi kumsemesha mkwewe uso kwa uso, aligeukia ukutani. "Baba," akasema, "mwanangu ni mzima. Mjibu."

Akaondoka uani. Baada ya mavuno alikwenda Ruangwa, wala sikumzuia. Mimi nikahamia Nachingwea mjini kwa binamu yangu, karibu na dawa, nikawa nashona nguo. Huko nako sikutulia. Mvua zilipokata barabara, nilikwenda hospitali kila asubuhi kuuliza kama chupa za insulini zimefika. Nikiambiwa bado, nilirudi kwa njia ndefu, kwa sababu kukaa sikuweza.