Anwani Moja kwa Watu Wote

Ununuzi wa pamba ulipofunguliwa kwa watu binafsi, kampuni moja pale Bariadi iliniajiri kutunza kompyuta zake. Nilikuwa na elimu ya kidato cha nne. Mengine nilijifunza kwa kubahatisha. Mume wa dada yangu nilimtafutia kazi ya kuangalia seva ya mbele, kompyuta iliyopokea maombi kutoka vituoni.

Makarani wa Mwandoya, Migato na vituo vingine walifungua orodha ya wakulima wa kupewa mbegu kupitia mtandao. Maombi yao yalipita kwanza kwenye seva ya mbele, nayo ikayafikisha kwenye seva ya ndani iliyohifadhi orodha. Kwetu, anayeleta salamu husema kwanza nani kamtuma. Seva yangu ya mbele haikusema. Mistari miwili ya kuiamuru ipeleke na anwani ya mtumaji sikuiandika; niliona haina haraka.

Msimu mmoja wakulima wote wa Migato wakafutwa kwenye orodha ya mbegu. Meneja akataka kujua nani kafuta. Kwenye kumbukumbu za seva ya ndani, zinazoonyesha kila kazi imetoka anwani gani, nikaikuta anwani ya seva ya mbele.

“Si ndiyo mashine ya shemeji yako?” meneja akauliza.

“Ndiyo,” nikasema.

Shemeji alipoitwa alicheka, akidhani ni utani wetu wa mashemeji. “Ng'ombe zangu za mahari mmekula, sasa mnataka na kibarua?”

Hakuna aliyecheka naye. Ilipofika saa sita hakuwa na kazi tena. Akarudi kwao Mkula.

Baada ya wiki mbili nilifanya kazi nikiwa kituo cha Mwandoya. Niliporudi na kusoma kumbukumbu, kazi yangu nayo ilikuwa na anwani ileile. Watu wote walikuwa nayo. Nikaandika ile mistari. Meneja sikumwambia, niliona aibu. Aliyefuta sijamjua mpaka leo.

Msimu ulipoisha nikaenda Mkula. Dada alinipa kigoda, akaingia ndani. Nikamweleza shemeji yote.

“Kumbe mashine haikujua,” akasema. “Na wewe? Tulikaa chumba kimoja. Mbona hukuniuliza?”

Nikasema niliogopa meneja angedhani namlinda ndugu. Ilikuwa kweli, lakini haikutosha.

Akafungua zizi, akaondoka na ng'ombe. Nilimsubiri dada atoke aniage. Jua likawa kali, nikainuka nikaenda zangu barabarani.