Mama Alibaki Ndani ya Basi

Nakumbuka adhuhuri moja mjini Nairobi, nimesimama kwenye kituo kikubwa cha mabasi na birika la maji mkononi, na basi lililombeba mama yangu limekwisha kuondoka. Ilikuwa kabla kidogo ya Uhuru wetu wa Tanganyika. Nilikuwa kijana wa kutegemewa, au ndivyo nilivyojiona.

Mwanangu, nikueleze tulivyofika huko. Dada mkubwa wa mama, aliyeolewa Nairobi tangu ujana wake, alikuwa mgonjwa sana, na salamu zilizotufikia Mwanza zilisema anamwulizia mdogo wake kila siku. Mama macho yalikuwa yameingia ukungu, hakuweza kusafiri peke yake, nikapewa mimi kazi ya kumpeleka. Tulipanda meli hadi Kisumu, kisha gari moshi, na tukafika salama, alhamdulillahi. Lilibaki basi moja tu la kutufikisha Pumwani, alikokuwa mama mkubwa.

Mabasi niliyajua, lakini niliyajua kwa namna ya kwetu. Ukitoka Mwanza kwenda Geita, mkifika kwenye kivuko cha Busisi dereva huzima gari akashuka, na abiria wote hushuka. Utatawadha, utaswali, utanunua samaki wa kukaanga, utaulizana hali na watu usiowajua. Mkivuka, utingo hupita akiita, na kama mzee fulani hajaonekana, basi zima linamngoja. Sijapata kuona mtu akiachwa Busisi. Kwa hiyo basi la Nairobi liliposimama penye mabasi mengi, dereva akazima injini, akashuka, na nusu ya abiria wakashuka, mimi sikuwa na shaka yoyote. Nikajua hii ndiyo Busisi yao.

Mama alikuwa na kiu. Nikachukua birika, nikamwambia, "Nakuja sasa hivi," nikaenda kutafuta bomba. Kondakta alikuwa mlangoni pale pale. Nilimpita bila neno. Tunasema kuuliza si ujinga, lakini methali hiyo tunapenda zaidi kuwaambia wenzetu.

Niliporudi, pale palisimama basi jingine. Kumbe madereva walikuwa wanapokezana tu, huyu akishuka mwenzake anapanda. Nikakimbia huku na huku, maji yakinimwagikia miguuni. Nikaona basi moja linaanza kuondoka, nikashika chuma cha mlango nilidandie. Mkono ukanivuta nyuma.

Alikuwa mzee mmoja mwenye kofia ya kufuma, na kikapu cha viazi.

"Kijana, hilo linakwenda wapi?"

"Sijui, mzee. Shikamoo. Mama yangu amechukuliwa na basi!"

"Marahaba. Hujui liendako, na unalipanda. Mama yako anaijua njia?"

"Haijui. Na macho yake hayaoni vizuri."

"Basi bado amekaa. Mtu asiyeona vizuri hashuki ovyo. Anayeshuka ovyo ni wewe." Akaweka kikapu chini. "Mabasi ya hapa hufika mwisho wa njia, yakarudi hapa hapa. Ukimfuata mtapishana njiani. Yeye atarudi, wewe utakuwa umekwenda kupotea kwingine. Kaa."

Mwanangu, kukaa ni kazi nzito kuliko kukimbia. Anayekimbia hujiona anafanya jambo. Kila basi lililoingia nilisimama, na kila moja nilimwona mama ndani yake, kisha simwoni. Nilimfikiria amesimama kando ya barabara kati ya watu asiowajua, akipapasa ukuta. Nilimfikiria pia mama mkubwa, ambaye pengine hakuwa na muda wa kutungoja.

Mzee akaniuliza, "Umeswali?"

"Bado, mzee."

"Swali, mimi naangalia basi. Ukimaliza, uangalie wewe niswali mimi. Tena wewe msafiri, rakaa mbili zinakutosha." Akanitandikia gunia lake kando ya ukuta.

Mwenyezi Mungu anisamehe, swala ile niliiswali masikio yakiwa barabarani. Lakini nilipotoa salamu hamu ya kukimbia ilikuwa imeniisha. Ikafika zamu yake, naye akaswali polepole, kama mtu asiye na safari. Basi lake mwenyewe lilikuwa limekwisha kupita, na hakulipanda kwa ajili yangu.

Ndipo basi letu likaingia. Kondakta alikuwa ananing'inia mlangoni, anapaza sauti: "Yuko wapi huyo aliyekwenda kuchota maji? Ameyafuata ziwani?" Watu wakacheka. Ndani, kwenye kiti kile kile, mama amekaa na furushi lake mapajani.

"Huyu mama amenishinda," kondakta akasema. "Tumefika mwisho, namwambia mama shuka. Ananijibu, 'Mwanangu ameniacha kwenye kiti hiki, na atanikuta kwenye kiti hiki.'"

Nikapiga magoti mbele yake. Akasema, "Yusufu, maji yako wapi?"

Nikatazama birika. Halikuwa na hata tone.

"Yamemwagika, mama."

Akaniuliza, "Ulipokuwa mdogo, nikikupeleka mwaloni, kando ya ziwa, kununua samaki, nilikuwa nakuambiaje?"

"Nikikupoteza, nisimame pale pale niliposimama."

"Basi nilijua utasimama. Wasiwasi wangu ulikuwa mmoja tu, kwamba siku hizi umekuwa mkubwa."

Yule mzee alipanda nasi basi la Pumwani, akatushusha penyewe. Mama mkubwa tulimkuta hai. Alimtambua mdogo wake kwa sauti kabla hajaingia mlangoni, wakashikana mikono hadi magharibi. Mola alimchukua siku chache baadaye, na namshukuru kwa siku hizo.

Sasa nakuambia wewe unayefunga mizigo kwenda miji ya watu. Mgeni ana macho makubwa lakini haoni, kwa hiyo usipime basi la wenzako kwa basi la kwenu. Kabla ya kupanda, uliza linapita wapi na linaishia wapi. Kabla ya kushuka, mwambie kondakta, hata kama ni kwa maji ya kunywa. Uliyefuatana naye, kubalianeni mapema ni wapi mtaonana mkipoteana, na ukipotezana naye usikimbie. Kaa pale alipokuacha, umwombe Mungu. Na ukimwona mgeni anadandia gari asilojua liendako, mshike mkono, hata kama basi lako litapita.

Mwenyezi Mungu akutangulie barabarani, akuwekee mtu mwema kwenye kila kituo, na akurudishe nyumbani uwakute waliokungoja bado wamekaa. Amina.