Baada ya Kaa la Moto

Utotoni mwangu kule Ntalikwa, watu waliamini kwamba mwenye kifafa akiungua moto, hapoi tena maisha yake yote. Bibi, mama yake baba, ndiye aliyeniambia, wiki ile ile daktari wa mjini Tabora alipoutaja ugonjwa wangu kwa jina lake.

"Vidonge umeze," alisema, "lakini moto usikuguse, mke mwenzangu. Ukikugusa, basi."

Hakuwa na nia mbaya. Mkono wake ulikuwa begani kwangu.

Tangu siku hiyo nikawa mgeni nyumbani kwetu. Jikoni siingii, kisimani siendi, jembe nimenyang'anywa. Sabina, mdogo wangu niliyemfundisha mimi kusuka nywele, akapewa kazi zangu zote, na juu yake kazi ya kunilinda. Kilichoniuma zaidi ni kwamba mama aliacha kuniuliza mimi. "Sabina, mwenzio amekula?" alikuwa akisema, nami nimekaa pale pale kwenye mkeka, namtazama. Nilimeza vidonge kila jioni, miezi mingi ikapita sijaanguka, lakini hakuna aliyeanza kuniamini.

Nilipomaliza darasa la saba, nikisubiri matokeo, wazazi walikwenda Urambo kwenye msiba. Sabina alikuwa shuleni. Asubuhi hiyo malaria ikampanda Bibi, akatetemeka mpaka kitanda kikawa kinalia.

"Bibi, ngoja nikupikie uji."

"Hapana. Tumsubiri Sabina."

"Sabina anarudi jioni."

Midomo yake ilikuwa imekauka.

Nikawasha moto. Nilikaa pembeni, si karibu sana, kama muuguzi wa hospitali ya mjini alivyonielekeza. Uji ulipoiva nikavuta kuni nje ya mafiga, kaa likadondoka likanichoma kifundo cha mkono. Sikuanguka. Akili zangu zote zilikuwepo. Lilikuwa kaa tu, ambalo lingeweza kumchoma mpishi yeyote. Bibi alikunywa uji wote, ndipo akaliona lengelenge. Akajifunika uso kwa khanga.

"Umekwisha, mke mwenzangu. Na umekwisha kwa ajili yangu."

Wazazi waliporudi, mama alilia kama vile msiba umemfuata nyumbani. Vidonge vilipokwisha, hakuna aliyekwenda mjini kuchukua vingine. "Vya nini tena?" nilimsikia baba akimwambia mama. Matokeo yakatoka, nimefaulu. Baba akasema nitabaki nyumbani, watanitunza.

Haikuchukua muda, nikaanguka kanisani katikati ya wimbo. Watu wakasogea mbali nami. Bibi walimtazama kwa heshima mpya, maana aliyoyasema yalikuwa yametimia.

Siku ile nililala ulimi unaniuma, nikawaza. Kaa liliponichoma sikuanguka, wala siku zilizofuata. Nilianguka vidonge vilipokwisha.

Kesho yake asubuhi nilivaa gauni la kanisani nikashika njia ya mjini, kwa miguu, peke yangu. Niliogopa. Kila nilipohisi kichwa kinakuwa chepesi, nilikaa kivulini mbali na barabara, kisha nikaendelea.

"Umekuja na nani?" muuguzi aliniuliza.

"Nimekuja mwenyewe."

Akaleta vidonge na kunieleza namna ya kuvimeza. Alinieleza mimi.

Wakati wa kurudi nilimkuta baba njiani, ameshika baiskeli, shati limelowa jasho.

"Unataka kutuua, wewe?"

"Shikamoo, baba. Nilifuata dawa. Na shule zikifunguliwa, nitakwenda."

Sijui sauti ile niliitoa wapi. Alinyanyua mkono, nikafumba macho. Nilipofumbua alikuwa ameushusha, anakung'uta vumbi kwenye kiti cha baiskeli, ananiambia nipande.

Nyumbani alimweleza Bibi, nadhani akitegemea kuungwa mkono. Bibi akamsikiliza mpaka mwisho.

"Mimi nilisema asiguse moto," akamjibu. "Sikusema asiende shule."

Leo mimi ni mwalimu hapa Tabora mjini, naishi kwenye chumba changu, najipikia. Sikupona. Vidonge nameza mpaka sasa, na mara moja moja huanguka. Bibi alifariki akiamini kwamba ni kaa lile, na sikubishana naye. Nimekuja kuelewa kwamba nyumbani hawakukosa kunipenda. Walianza kuniomboleza mapema mno, na mtu akiombolezwa angali hai, hakuna anayesikia anachosema. Mimi ilibidi nitembee mpaka mjini ndipo nisikike.

Mwaka jana nilianguka nikiwa darasani. Wanafunzi walinilaza ubavu kama nilivyokuwa nimewafundisha, wakasogeza madawati, wakasubiri. Nilipozinduka nilijifuta mdomo, nikakaa kwenye kiti mpaka kichwa kikatulia. Kisha nikawauliza tulikuwa tumefika wapi. Msichana mmoja wa mbele akanisomea sentensi ya mwisho, nami nikaendelea kufundisha.