Mstari Mwekundu wa Mzee Maiyo

Harufu ya josho ndiyo inayonirudisha miaka ile kuliko kitu kingine chochote. Ni harufu kali ya dawa ya kupe iliyochanganyika na samadi mbichi na manyoya yaliyolowa, na asubuhi za baridi ilikuwa ikishuka kutoka zizi la juu mpaka kwenye vibanda vyetu, ikaingia kwenye uji na kwenye mablanketi. Shamba lenyewe liko upande wa Kapseret, kusini mwa mji wa Eldoret, mahali ambapo siku hizi ndege za abiria hupita chini mpaka kuku wanakimbia. Wakati huo hapakuwa na ndege. Palikuwa na mahindi, miwati, ng'ombe wa maziwa, na nyumba moja kubwa ya mawe ambayo Kaburu mwenye shamba aliiacha alipouza na kwenda zake. Wazazi wetu, ambao wengi wao walikuwa wamemfanyia kazi, walijiunga pamoja wakalinunua shamba hilo. Tulikuwa tumepata Uhuru, tukapata na ardhi, na juu ya hayo yote tukapata Mzee Maiyo awe mwenyekiti wetu.

Mzee Maiyo alikuwa nyapara wa Kaburu upande wa ng'ombe. Mzungu alipoondoka, watu waliokota walichoweza: huyu jiko, yule mlango, mwingine beseni la kuogea ambalo alilifanya hori la mbuzi. Maiyo alipata koti la khaki, filimbi, na kipimajoto. Kipimajoto hicho kilikuwa cha kioo kinene, chenye pete ndogo ya chuma upande wa juu, na kwenye pete hiyo kulifungwa kamba yenye kibanio. Alikivaa shingoni kila siku, hata kanisani. Katikati ya zile namba, Kaburu alikuwa amechora mstari mwembamba wa rangi nyekundu. Maiyo hakujua kusoma namba, na kwa hilo simlaumu, maana watu wazima wengi pale hawakujua. Alijua kitu kimoja tu, kwamba zebaki ikipita mstari kuna ugonjwa na isipopita hakuna ugonjwa, na kwa kitu hicho kimoja akajitangaza daktari wa shamba zima.

Mngemwona akipima. Mtu mzima alifunguliwa kinywa, mtoto akabanwa kwapani, na mke wa Maiyo akasimama kando na glasi ya spiriti mkononi, uso umemkauka kwa heshima. Maiyo alifumba jicho moja, akakiinua kipimajoto kwenye mwanga, akakizungusha, akaguna, akakizungusha tena. Kisha alitoa hukumu, na hukumu zilikuwa mbili tu. Ya kwanza ilikuwa kwamba homa imefika mstari, na hapo mgonjwa aliruhusiwa kupanda tela la tingatinga lililopeleka maziwa mjini kila asubuhi. Ya pili ilikuwa kwamba haijafika, na hapo mgonjwa alirudi nyumbani akapewa uji. Tingatinga hilo ndilo gari pekee tulilokuwa nalo, na dereva hakubeba mtu bila neno la mwenyekiti. Hivyo ndivyo kipande cha kioo kilivyokaa kati yetu na hospitali, na hakuna hata mmoja aliyeona ajabu.

Baba yangu alikuwa mtu wa kamati ya shamba. Viwanja vilikuwa vinakaribia kugawanywa, kila mwenye hisa aonyeshwe chake, na Baba alikuwa amekiwekea macho kipande cha kule mtoni chenye udongo mweusi. Mwenye kuonyesha mipaka alikuwa Maiyo. Kwa hiyo Baba alicheka Maiyo alipofanya mzaha, akanyamaza Maiyo aliponyamaza, na Pasaka ya mwaka huo, alipopata mafua madogo tu, alikwenda mwenyewe kupimwa mbele ya watu, akaketi kwenye kiti na kile kioo mdomoni, ametulia, ameridhika. Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi na nilimwonea fahari.

Mdogo wangu Rodah aliugua mvua ndefu zilipokuwa zimeshika. Alikuwa bado hajaanza shule, mtoto mwenye kelele nyingi, aliyeiga sauti ya kila ndama mpaka mama zao wakamjibu. Siku hiyo aliacha mchezo akaja kusema kichwa kinamuuma. Jioni akatapika. Mwili ulikuwa wa moto kiasi kwamba Mama alipomgusa aliondoa mkono akaurudisha tena, asiamini. Baba alimwita Maiyo, naye akaja na koti lake na glasi yake, akambana Rodah kwapani, akafumba jicho. Haijafika mstari, akasema. Alitwambia ni mvua tu, watoto hunyeshewa, tumpe uji na tumfunike. Baba akamshukuru, akamsindikiza mpaka njiani.

Asubuhi Rodah hakutaka uji. Hakutaka hata maji. Mama alimtilia kwenye kijiko, yakamwagika pembeni mwa mdomo. Mlango ulipofunguliwa aligeuza uso ukutani akalia kwamba mwanga unamuumiza, na baadaye hata kulia akaacha, akawa analala tu, na ukimwita anafumbua macho kidogo asijue ni nani amemwita. Mama alijaribu kumwinua amvishe nguo nyingine, na hapo ndipo akaona kwamba shingo imekaza, kidevu hakishuki kifuani, na mtoto analia kwa uchungu kila Mama anapojaribu kuikunja. Alimwambia Baba kwamba huyu ni wa hospitali, sasa hivi. Baba akasema amemwita tena mwenyekiti. Nakumbuka alivyolisema, kama kwamba amefanya jambo la maana sana.

Mwenyekiti akaja, na wajumbe wawili wa kamati nyuma yake, maana walikuwa njiani kwenda kutazama mipaka. Wakasimama ndani ya chumba chetu na viatu vyenye matope. Tukangoja. Wanaume watatu, na Baba wa nne, wote walikuwa wamekikodolea macho kile kioo, na kitandani mtoto yuko pale pale mbele yao, midomo imekauka, macho yamepanda juu, na hakuna hata mmoja aliyemtazama. Sijawahi kuwasamehe kwa hilo. Kumtazama mtu ni kazi ambayo hata mjinga anaiweza.

"Bado haijafika mstari," Maiyo akasema. "Karibu, lakini bado. Mama Tabitha, usitie watu wasiwasi. Kesho nitakuja kupima tena."

Tabitha ni mimi. Mama yangu hakuwa mtu wa kujibu wazee. Alikuwa anaongea na wanaume wa kamati akiangalia chini, kama wanawake wote wa pale. Siku hiyo aliinua uso.

"Mtoto hajameza maji tangu jana," akasema. "Shingo haikunjiki. Hanijui mimi mama yake. Huo mstari wako, mzee, umeshaulizwa hayo?"

Maiyo hakumjibu yeye. Alimgeukia Baba, akamwambia kwa upole kwamba mwanamke akiachiwa atawatawala, na kwamba mtu anayedharau neno la kamati leo, kesho atadharau mipaka. Kila mtu chumbani alielewa maana yake, na Baba zaidi ya wote. Alimwambia Mama akae chini. Na Mama huenda angekaa, sijui, lakini wakati huo huo Rodah alishikwa na degedege, mikono ikakakamaa na povu likamtoka. Maiyo alirudi nyuma hatua moja akashika kipimajoto chake kisivunjike.

Mama alimfunga Rodah mgongoni akatoka kwenye mvua, mimi nyuma yake. Tingatinga lilikuwa linapakia mikebe ya maziwa pale kwenye zizi. Dereva aliuliza kama mwenyekiti amesema, na Mama, ambaye tayari alikuwa amepanda, alimjibu, "Nihesabu kama mkebe." Dereva alimtazama mtoto, tofauti na wale wengine wote, kisha akawasha injini. Nami nilipanda, na hakuna aliyenishusha. Barabara ilikuwa matope matupu, mikebe ikigongana, na Mama alikuwa ameukinga uso wa Rodah kwa kanga akimwimbia wimbo wa kubembeleza ambao haukuwa na maneno. Aliimba mpaka mjini. Nafikiri Rodah alisikia kidogo, na kama alisikia, ndio wimbo wa mwisho aliousikia.

Hospitalini daktari hakuanza na kipimo chochote. Alitazama macho, akatia mkono nyuma ya shingo akajaribu kuikunja, akauliza mara ya mwisho mtoto kunywa kitu ni lini. Mama alipomweleza, alimwambia muuguzi aache mengine yote. Walimchoma sindano mgongoni wakatoa maji, wakasema ni homa ya uti wa mgongo. Daktari alimuuliza Mama kwa nini mtoto hakuletwa mara tu shingo ilipoanza kukaza, au hata jana, alipoanza kutapika. Mama akasema ukweli, kwamba walingoja homa ifike mstari. Daktari alimwomba arudie, akidhani hakusikia vizuri.

Rodah hakufa. Alikaa hospitali muda mrefu, akarudi amekonda, anajifunza upya kutembea, na masikio yake yamekufa yote mawili. Ndama walilia zizini, naye akapita karibu nao asigeuke. Baba alikuwa akimwita kwa sauti kubwa, kubwa zaidi, mpaka Mama akamwambia aache, asimtie mtoto aibu kwa makosa yake.

Miezi michache baadaye ng'ombe mmoja wa shamba aliacha kula, akaletwa bwana mifugo kutoka mjini, kijana mcheshi aliyekuja kwa pikipiki. Watu wakakusanyika, maana siku hizo hata hilo lilikuwa tamasha. Kijana akafungua mkoba, akatoa kioo kinene chenye pete, kamba na kibanio. Akakikung'uta, akainua mkia wa ng'ombe, akakisukuma ndani, akabana kibanio kwenye manyoya ya mkia kisije kikaanguka. Watu wote wakageuka kutazama shingo ya Maiyo. Baba, ambaye Pasaka alikuwa amekaa na ndugu ya kitu kile mdomoni, aligeuka pembeni akatema mate.

Bwana mifugo akaona kile cha Maiyo, akafurahi. "Kumbe mnacho," akasema. "Mzee, hicho unapimia ng'ombe gani?"

"Wote," Maiyo akajibu.

Kijana akakishika, akausifu ule mstari mwekundu. Alisema aliyeuchora alijua kazi, kwa sababu ng'ombe mwenye afya ana joto zaidi kuliko mtu, na ukiona zebaki hapa, akaonyesha kwa ukucha chini ya mstari, ng'ombe yuko salama kabisa, lakini binadamu mwenye joto hilo yuko kitandani anaungua. Mama alikuwa amesimama pale, Rodah mgongoni. "Rudia hapo, kijana wangu," akasema. Kijana asiyejua lolote akarudia, kwa sauti, na Mama alimtazama Baba mpaka maneno yakaisha.

Mngetarajia mambo yabadilike. Maiyo alikaa siku chache bila kamba shingoni, kisha ikarudi, na watu wakarudi nayo. Walisema mkono wake umezoea. Walisema kosa lilikuwa la Kaburu. Viwanja vikagawanywa, na Baba akapata kile kipande cha mtoni, udongo mweusi, hatua chache kutoka majini. Alikilima mpaka uzee. Alikuwa akiniuliza mbona siendi kuvuna viazi kule, nami nilikuwa namwambia sivipendi viazi.

Maiyo alikufa mzee sana, na mazishi yake yalikuwa na hema, vipaza sauti na hotuba. Mmoja baada ya mwingine walisimama wakasema alikuwa daktari wetu kabla hatujawa na zahanati. Rodah, ambaye sasa ni fundi wa nguo mjini na mama wa watoto wazima, alikuwa ameketi kando yangu. Aliniuliza kwa mikono wanasema nini. Nikamwambia neno kwa neno. Alicheka, na kwa kuwa hajui ukubwa wa sauti yake, kicheko kilijaza hema lote, wachungaji wakageuka, familia ikageuka. Sikumnyamazisha.

Nami nilidhani ujinga ule tumeuzika siku ile. Mwezi uliopita nilikuwa na Rodah nyumbani kwa mwanangu, hapo Eldoret, nyumba ya vigae yenye kila kitu. Mjukuu alikuwa na homa. Mwanangu ana digrii mbili, na mkononi alikuwa na kipimajoto cha kisasa kinacholia na kutaja namba kwa sauti ya mwanamke. Kilitaja. Mkewe akaiandika namba kwenye simu na kuwatumia rafiki zake, na majibu yakaanza kuingia: mmoja alisema si mbaya, mwingine wangoje kesho, mwingine namba ikipanda kidogo ndipo waende. Walibishana namba ipi hasa ndiyo ya kwenda hospitali, na mimi nami, kwa aibu yangu, niliinama nisome majibu. Kikombe cha maji cha mtoto kilikuwa mezani, kimejaa tangu asubuhi.

Tulipoinua vichwa Rodah alikuwa mlangoni, mtoto amefungwa mgongoni, kiatu kimoja mguuni, akitupungia mkono kwa hasira tulete gari. Katika nyumba ile yeye peke yake hakuisikia ile namba. Alikuwa anamtazama mtoto.