Mukanda Niliouacha Usumbura

Musinicheke kabla sijamaliza, maana hasira ya siku ile bado iko hapa kooni, na kama kuna mutu wa Kimanga kati yenu aliyekuwa pwani (najua muko, nusu ya Uvira ilikuwa pale) basi anyamaze, aniache nijiaibishe mwenyewe: minye ndiye yule mupiga mbizi aliyemuonyesha mama mukwe wake matako, saa nne ya asubuhi, jua linawaka.

Wakati ule nilikuwa nakaa Usumbura, nazamia samaki wadogo wa rangi kwa Muzungu mumoja aliyekuwa anawatuma Ulaya, na nilikuwa nachumbia Nabintu, binti wa muvuvi wa Kimanga, ng'ambo kule Uvira. Uhuru tulishaupata, waasi nao walishapita, na siku waliposikika wanakuja, baba yake Nabintu alifanya akili: akaipaka moteri ya mutumbwi wake grisi, akaifunga ndani ya turubai, akaizamisha ziwani wasimunyang'anye. Vita ilipotulia akakuta kamba imeoza. Mahali anapajua, mukono haufiki. Akanitumia neno: "Mukwe wangu, nitolee moteri, na mambo ya posa tutayamaliza siku ileile." Munaona? Bila moteri ile muzee hana kazi, na minye sina bibi.

Sasa ikawa shauri la nini nibebe na nini nikodi. Maski ni yangu, imezoea uso wangu, hiyo siazimi. Detandere, ile ya kupumulia mudomoni, ni yangu pia, sitii mudomoni kitu kilichotoka kwa mutu mwingine. Suruali na koti za mupira ni zangu (aliniachia Muzungu, na Muzungu mwenyewe ni mutu wa tumbo, shikeni hilo). Chupa ya hewa nikaikodi kwake. Ukabaki mukanda wa vyuma vya uzito, maana mupira ule unaelea, bila uzito kiunoni huzami hata ukilia. Ndipo rafiki yangu Deo, Mungu amusamehe maana minye bado, akaniambia: "Acha mukanda! Pale Kavimvira mupakani askari watasema ni mukanda wa risasi, watakufunga. Bandarini Kalundu kuna mutu anakodisha." Nikauacha. Na pale Kavimvira watu wa duani, wale wa ushuru, wakacheka maski yangu, wakagonga ile chupa kubwa ya chuma inayofanana na bomu kabisa, wakasema pita! Bomu lipite, mukanda ndio ungewashinda? Deo, weye!

Kalundu nikamukuta yule mutu wa kukodisha, akanitazama kwa huruma. "Mukanda? Ndugu yangu, vyuma vyake tulishaviyeyusha wakati wa vita. Sasa viko kwenye nyavu za wavuvi, ndivyo vinavyozizamisha."

Mutu mwenye kichwa angerudi Usumbura kuchukua mukanda wake, si mbali hata. Lakini Kimanga watu walishajaa pwani, mama mukwe amekaa mbele na mashangazi, na muzee ananisubiri ndani ya mutumbwi, kamba mukononi. Nikaona haya kurudi. Nikavaa, nikajirusha majini kwa maringo, na nikaelea kama boga. Napiga miguu, narusha maji, nusu yangu iko juu, na muvuvi mumoja anaitwa Lubunga akauliza kwa sauti, ili wote wasikie: "Huyu anatafuta moteri juu ya maji?"

Nikatoka nimevimba kwa hasira. Nikaokota mawe, Nabintu akayaviringisha ndani ya kitenge chake, akanifunga kiunoni, taratibu, kwa upendo.

"Nikaze?"

"Usikaze! Funga fundo la kufunguka mara moja nikivuta."

Ni minye niliyesema hivyo. Alifanya kama nilivyomwambia.

Nikazama, jamani, nikazama vizuri! Nikaiona turubai, nikanyoosha mukono, na hapo mawe yakateremuka, yakaishika ile suruali ya mutu wa tumbo, yakaenda nayo mpaka magotini. Nikainama niivute, nikavuta kitenge, fundo likafunguka, mawe yakaenda zake, na koti la mupira likanipandisha juu kwa nguvu, nimeinama vilevile, kichwa chini, matako ndiyo yakatangulia kuwasalimia watu wa Kimanga.

Kwetu mutu na mama mukwe wake wakikutana njiani wanapishana mbali, kwa heshima. Yule mama alipiga ukelele mumoja, akajifunika kitenge usoni, akakimbia. Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Na minye, badala ya kuvuta suruali na kunyamaza, nikatoa detandere mudomoni, nikapiga kelele: "Ni Nabintu! Hajui hata kufunga fundo! Binti yenu ndiye ameniharibia kazi!"

Kicheko kikakatika palepale.

Halafu Lubunga akavua shati, akachukua jiwe moja mikononi, akavuta pumzi, akazama nalo, akaliacha kule chini, akafunga kamba kwenye turubai, akarudi. Jiwe moja! Hana chupa, hana maski, hana kitu! Muzee akavuta moteri yake, akamushukuru Lubunga kwa mikono miwili, minye hakuniangalia.

Jioni shangazi yake Nabintu alikuja kunitafuta kwenye nyumba niliyofikia. Akasema aibu ya kuonwa na mama mukwe inatengenezeka, niende na kuku na pombe ya kasiksi, wazee wataongea, itaisha. Nikapumua. Nikamuomba nimuone Nabintu kwanza. Akaja, akasimama mulangoni, hakukaa.

"Uchi wako tungeucheka mpaka tuzeeke," akaniambia. "Mama yangu naye angekuja kucheka. Lakini kosa lako ulinitupia minye, mbele ya watu wote. Na mbele ya baba. Kuku wako baki naye."

Akaondoka. Nikabeba maski na chupa, nikarudi Usumbura. Nimukasirikie Deo, nimukasirikie Lubunga na jiwe lake, nawakasirikia mpaka leo, lakini Nabintu siwezi. Nimeapa: siku nyingine mambo yakiniharibikia mbele za watu, nitapandisha suruali kwanza, halafu nitasema, ni minye.