Baluni za Marehemu

Juzi kazini tulionyeshwa kwenye skrini picha ya mwenzetu aliyefariki, nyota za rangi zikimwagika usoni pake. Ikanijia harufu ya dizeli ya utotoni, ya jenereta la mjomba dukani kwake katika soko la Konyo Konyo. Mchana mmoja mjane alileta picha ya mumewe itengenezwe, ikaonyeshwe kanisani. Kwenye kompyuta, mjomba alijua mapambo ya harusi tu. Akaniambia nichague. Nikachagua baluni zinazopaa, nikidhani zitampeleka mbinguni.

“Hizo toa,” mjane alisema.

Mjomba aliona uvivu kuanza upya. “Mama, mtoto ndiye aliyemchagulia.”

Mjane akanitazama. “Basi, ziache.”

Akalia. Niliamini analia kwa furaha. Mjomba alijua si furaha, na bado akanipigia makofi.